Carey Francis na sheria za kabumbu

Wako walimu, hata katika wilaya hizi zetu za majani chai, wanaoamini kwamba kipindi cha michezo ni wakati uliopotea. Saa kumi jioni ikifika huwafungia watoto darasani wafanye hesabu. Ningependa kuwakumbusha habari za mwalimu mmoja wa hesabu ambaye angeghadhibishwa mno na jambo hilo.

Edward Carey Francis alizaliwa London mwaka 1897. Katika Vita Vikuu vya Kwanza alikuwa afisa wa mizinga, na baadaye akawa mhadhiri wa hisabati katika chuo cha Peterhouse, Cambridge. Mwaka 1928 aliuacha wadhifa huo, ambao wasomi wengi huutamani maisha yao yote, akaja kuongoza shule ya Maseno iliyoanzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1906. Aliyesafiri kwa gari moshi kutoka Nairobi kwenda Kisumu zama hizo alipitia hapa kwetu Kipkelion, kituo kikiitwa Lumbwa.

Francis alikuwa mpenzi wa kandanda tangu ujana wake. Kwake uwanja ulikuwa darasa jingine: humo mvulana alifunzwa kuutii uamuzi wa refa, kumpa mwenzake pasi badala ya kujitafutia sifa, na kushindwa bila kununa. Viatu havikuwa sharti. Aghalabu wachezaji wa Afrika Mashariki walicheza pekupeku, na hata timu ya Uganda iliyozuru Uingereza mwaka 1956 ilikuwa na wachezaji wasiovaa viatu.

Mimi ni mtu wa isimu, na msomaji atanisamehe nikitazama maneno kabla ya mabao. Refa, faulo, penalti: istilahi za sheria tulizikopa kwa Waingereza. Lakini chenga ni yetu. Mwalimu wa kigeni alileta kanuni na filimbi. Ujanja wa kumpita adui aliukuta kwa wavulana wenyewe, na sidhani kwamba aliuelewa kikamilifu.

Nasema hivyo kwa sababu nidhamu ile ilikuwa na upande wake mchungu. Refa hakubishiwa, na mkoloni naye hakutaka kubishiwa. Francis alikuwa mkali, aliishuku siasa ya Waafrika waliosoma, na aliamini kwamba wakati wa kujitawala ulikuwa bado. Mwanahistoria wetu Benjamin Kipkorir, aliyesoma Alliance, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya shule hiyo na chimbuko la tabaka la wasomi nchini. Anayetaka kumpima mwalimu huyu bila kumsujudia wala kumtukana aanzie kwake.

Kwani mwaka 1940 Francis alihamishiwa Alliance, kule Kikuyu, akaiongoza hadi 1962. Baraza la mawaziri la mwaka 1963 lilijaa wahitimu wa shule hiyo. Jaramogi Oginga Odinga, aliyekuwa mwanafunzi huko Maseno na Alliance, akawa makamu wa rais mwaka 1964, na Aprili 1966 akajiuzulu kwa kutokubaliana na serikali. Kumbe waliofunzwa kutombishia refa walijua pia kuuacha mchezo walipoona sheria zimepindwa.

Jambo linalonivutia zaidi ni alivyoishi mwishoni. Alipostaafu Alliance hakurudi Cambridge wala hakujijengea nyumba ya fahari. Alikwenda Pumwani, mtaa wa wanyonge jijini Nairobi, akawa mwalimu wa kawaida chini ya mwalimu mkuu mwingine, yeye aliyeongoza shule kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa angali akifundisha huko mauti yalipomfika mnamo Julai 1966, naye hakuwahi kuoa wala kupata mtoto.