Edward Barnard: mtoto wa maskini aliyepiga picha za nyota kwa lenzi ya okazioni

Kijana anayetaka leo kupiga picha za nyota za mbali, kwa apareyi, darubini na mashine ya kufuata nyota, anaweza kumaliza dola elfu kadhaa mbele hajapata picha moja nzuri. Wengi wakisikia bei hiyo wanaacha. Maisha ya Mmarekani Edward Emerson Barnard, aliyekufa miaka zaidi ya 100 iliyopita, yanaonyesha fasi pesa inasaidia na fasi haisaidii.

Kazi akiwa na miaka 8

Barnard alizaliwa tarehe 16 Desemba 1857 katika muji wa Nashville, jimbo la Tennessee. Baba yake alikufa mbele yeye hajazaliwa. Mama yake, Elizabeth, alilea watoto wawili peke yake, na vita vya wenyewe kwa wenyewe viliwakuta humo. Shuleni Edward alikaa miezi 2 tu. Kusoma alifundishwa na mama nyumbani.

Alipokaribia miaka 9 alipelekwa kufanya kazi kwenye studio ya picha. Wakati ule taa za umeme hazikuwepo. Studio ilikuwa na mashine kubwa juu ya paa iliyotumia mwangaza wa jua kwa kukuza picha. Kwa sababu jua linatembea, ilihitajika mtu wa kuzungusha mashine polepole siku nzima ili isipoteze jua. Watoto wengine waliopewa kazi hiyo walisinzia. Edward hakusinzia. Alifanya kazi katika studio hiyo miaka karibu 17, na uvumilivu ule wa kufuata kitu kinachotembea angani ndio uliokuja kumsaidia.

Dola 380

Siku moja alikopesha mtu dola 2. Yule mtu alimuachia kitabu cha nyota kama dhamana, kiisha hakurudi tena. Katika kitabu hicho Edward alijifunza majina ya nyota alizokuwa anaziangalia tangu utoto.

Alipokaribia miaka 20 alinunua darubini yenye lenzi ya inchi 5, karibu sentimita 13. Bei yake ilikuwa dola 380, ni kusema karibu sehemu mbili kwa tatu za mshahara wake wa mwaka mzima. Na wakati huo ni yeye aliyekuwa anamtunza mama yake.

Mwaka 1877 wanasayansi wa Marekani walifanya mkutano Nashville. Barnard alijikaza akaenda kuuliza shauri kwa Simon Newcomb, mtaalamu mkubwa wa nyota. Jibu lilikuwa kali: bila hesabu, aachane na mambo ya darubini. Kijana alitoka pale akilia. Lakini badala ya kuuza darubini, alitafuta mwalimu wa kumfundisha hesabu.

Mwaka 1881 alioa Rhoda Calvert. Mwaka ule ule alianza kuvumbua nyota za mkia. Tajiri mmoja muuza dawa, H. H. Warner, alikuwa anatoa zawadi ya dola 200 kwa kila nyota mpya ya mkia. Barnard alishinda zawadi hiyo mara kadhaa, na kwa makuta hayo akajenga nyumba kwa ajili ya familia. Mwaka 1883 Chuo Kikuu cha Vanderbilt kilimpokea kama mwanafunzi na kumpa kazi ya kutunza darubini ya chuo.

Lenzi ya kupigia watu picha

Mwaka 1888 aliingia kazini Lick, kituo kipya cha nyota juu ya mlima Hamilton, California. Kituo hicho kilikuwa na darubini kubwa kuliko zote za lenzi wakati huo, ya sentimita 91. Kwa darubini hiyo, tarehe 9 Septemba 1892, Barnard aliona mwezi wa tano wa sayari Jupita. Ile minne ya kwanza ilijulikana tangu Galileo, mwaka 1610.

Lakini picha zilizojulisha jina lake zaidi hazikutoka kwenye mashine ile kubwa. Zilitoka kwenye lenzi ya okazioni, ya inchi 6, iliyotengenezwa zamani kwa kupiga watu picha studioni. Darubini kubwa inaona kipande kidogo sana cha anga. Lenzi ya studio inaona fasi pana kwa mara moja. Barnard aliifunga juu ya darubini ndogo, kiisha akakaa akichungulia nyota moja na kuizungusha kwa mkono, masaa matatu na zaidi, bila kuiacha itoke kati. Ilikuwa ni ile ile kazi ya paa la studio, sasa usiku na kwa baridi. Tangu mwaka 1889 picha zake zilionyesha ule ukanda mweupe wa nyota, Njia Nyeupe, kwa namna watu hawajapata kuiona: mawingu ya nyota, na katikati yake mashimo meusi.

Alipohitaji pesa ya kweli

Mwaka 1895 alihamia kituo cha Yerkes cha Chuo Kikuu cha Chicago, kule Wisconsin. Miaka 2 nyuma yake, mama tajiri Catherine Bruce alitoa dola 7 000 ili Barnard atengenezewe darubini ya picha, yenye lenzi kubwa ya inchi 10. Hapo pesa ilisaidia, maana lenzi bora iliongeza mambo madogo yasiyoonekana mbele.

Hata vile, pesa haikuweza kubadilisha anga la Wisconsin. Fasi yenye nyota nyingi zaidi, katikati ya Njia Nyeupe, inabaki chini sana kule, karibu na upeo wa macho. Mwaka 1905 ilibidi kupeleka darubini nzima mlima Wilson, California, ambako alipiga picha miezi mingi. Hapa Goma fasi hiyo inapanda juu sana. Mwanzoni mwa mwezi wa nane, yapata saa tatu za usiku, mtu wa Keshero akigeukia ziwa na kuacha Nyiragongo mgongoni, anaiona bila kulipa kitu, kama hakuna mwezi wala mawingu. Na anaweza kuiangalia akiwa ndani ya lupango lake, bila kutoka usiku barabarani.

Picha ya namna gani?

Barnard hakukubali picha yoyote iliyopoteza mwangaza hafifu. Picha zake za Lick zilitoka katika kitabu mwaka 1913 tu, kwa sababu kila mara alikataa kazi ya wachapaji. Kwa atlasi yake kubwa aliacha kabisa kutumia mtambo wa kuchapa. Kila nakala iliwekewa picha 51 za kweli, zilizosafishwa kwa karatasi ya picha. Nakala zilikuwa 700, maana yake picha 35 700, na yeye mwenyewe aliangalia moja moja.

Ukali huo ulikuwa na sababu. Kwa miaka mingi alijiuliza kama yale meusi ni mashimo matupu, ao ni kitu kinachofunika nyota. Usiku mmoja wa mwaka 1913 aliona mawingu madogo ya kawaida yakipita mbele ya Njia Nyeupe, na yalionekana meusi kama matone ya wino. Polepole alikubali kwamba mengi ni mawingu ya kweli kati ya nyota. Mwaka 1919 alitoa orodha ya 182. Leo inajulikana kwamba ni vumbi na gesi, na kwamba ndani ya mawingu kama hayo nyota mpya zinazaliwa. Picha iliyochapwa vibaya ingeficha jambo hilo.

Rhoda alikufa mwaka 1921. Hawakuwa na mtoto. Barnard alimfuata tarehe 6 Februari 1923, akiwa na miaka 65, mbele atlasi haijakamilika. Mary Calvert, mtoto wa ndugu ya Rhoda aliyekuwa msaidizi wake, aliimaliza pamoja na mkubwa wa Yerkes, Edwin Frost. Ilitoka mwaka 1927.

Mpaka leo mawingu hayo yanaitwa kwa herufi B, ya Barnard. B 33, lenye sura ya kichwa cha farasi, ni kati ya vitu vinavyotafutwa sana na wapiga picha wa nyota duniani kote, wenye apareyi za bei kali na wenye za okazioni.