Louis Harold Gray: Mwanafizikia aliyeiongezea makali tiba ya mionzi

KWA miaka mingi mgonjwa wa saratani kutoka Frere Town, bara ya Mombasa upande wa Kisauni, alipoambiwa kuwa anahitaji kutibiwa kwa mionzi, alijua kuwa safari ya Nairobi inamngoja. Aliiacha nyuma kengele ya Kengeleni, kumbukumbu ya makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamishenari mwaka 1875, akavuka daraja la Nyali, kisha akasafiri takriban kilomita 480 hadi Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambako tiba hiyo ilianza mwaka 1968. Kipimo cha mionzi kinachoandikwa leo katika faili la mgonjwa kama huyo kina jina la mtu: gray.

Mtu huyo ni Louis Harold Gray, Mwingereza aliyezaliwa London Novemba 10, 1905. Baba yake alikuwa mtumishi wa posta na nyumba yao haikuwa na mali. Ni ufadhili wa masomo uliompeleka katika shule ya Christ's Hospital, na baadaye Chuo cha Trinity, Cambridge, ambako aliingia katika maabara ya Cavendish chini ya Ernest Rutherford, kinara wa sayansi ya atomu wa zama hizo.

Mwaka 1933 aliiacha maabara hiyo yenye sifa akaenda kufanya kazi katika Hospitali ya Mount Vernon, Northwood, pembezoni mwa London. Kwa mwanafizikia wa wakati ule, kazi ya hospitali haikuwa ya kujivunia. Lakini kule wodini ndiko alikokutana na swali lililomshughulisha hadi kufa kwake.

Tatizo la kwanza lilikuwa kupima. Nishati ya mionzi inayobaki mwilini ni ndogo mno. Kiasi kinachoweza kumuua mtu kikimwangukia mwili mzima hakipandishi joto lake hata kwa sehemu moja ya mia ya digrii. Mwaka 1936 Gray alieleza namna ya kuipima nishati hiyo kwa kutumia tundu dogo lenye hewa, akiendeleza wazo alilolitangulia William Bragg. Kanuni hiyo hadi leo ina majina yao wawili.

Kupima peke yake hakukumtosha. Alijenga pale Mount Vernon mtambo wa kuzalisha nyutroni, na pamoja na mwenzake John Read akaimulika mizizi ya miche ya maharagwe, kisha akaangalia ukuaji wake ulivyozuiwa. Kazi hiyo ya unyenyekevu, inayofanana zaidi na ya mkulima kuliko ya mwanafizikia, ilionyesha jambo zito: kiasi kilekile cha nishati hakileti madhara yaleyale. Nyutroni ziliharibu seli kuliko eksrei. Basi daktari alihitaji kujua si wingi wa mionzi tu, bali pia aina yake, na hali ya seli inayopigwa.

Hali hiyo ya seli ndiyo iliyompa Gray umaarufu wake mkubwa. Mwaka 1953, yeye na wenzake walichapisha makala iliyodhihirisha kuwa seli yenye oksijeni ya kutosha hudhurika kwa mionzi karibu mara tatu kuliko ile iliyokosa hewa hiyo. Miaka miwili baadaye, akiwa na daktari R. H. Thomlinson, alichunguza vipande vya saratani ya mapafu. Seli zilizokuwa mbali na mishipa ya damu, umbali usiofika hata sehemu moja ya tano ya milimita, zilikuwa zimekufa kwa kukosa hewa. Kati ya zilizokufa na zenye afya palikuwa na nafasi ya seli zilizokosa pumzi lakini bado hai. Hizo ndizo zilizoshukiwa kuponea chupuchupu, kisha kuuotesha uvimbe upya.

Madaktari wa London waliwaweka wagonjwa ndani ya matangi ya oksijeni yenye mgandamizo mkubwa, wakawamulika humo humo. Matokeo hayakulingana na matumaini, na sehemu nyingi njia hiyo iliachwa. Nyutroni nazo, zilipojaribiwa kwa wagonjwa, ziliumiza mno viungo vizima. Hapa Afrika Mashariki funzo la oksijeni linawagusa hasa wanawake wenye saratani ya mlango wa kizazi, ambao wengi hufika hospitalini wamekwisha kupoteza damu. Madaktari huiangalia damu hiyo kwa makini, ingawa kuongezewa damu peke yake hakujathibitika kuwa kunaongeza kupona.

Njia iliyodumu ni ya kugawa dozi. Kila baada ya pigo moja, seli zilizokuwa zimebanwa hupata hewa, na pigo linalofuata huzikuta zimelegea.

Gray alifariki Julai 9, 1965. Miaka 10 baadaye, mwaka 1975, mataifa yalilikubali jina lake liwe kipimo: jouli moja ya nishati katika kila kilo moja ya mwili. Mgonjwa mara nyingi hupewa gray 2 kwa siku, siku 5 kwa wiki, hadi zitimie 50. Kwa yule aliyetoka Frere Town, hayo yalikuwa majuma matano ya kutafuta pa kulala Nairobi.