Dickens, mutoto wa lizini aliyesomea watu vitabu vyake

Charles Dickens alizaliwa tarehe 7 Februari 1812 kule Portsmouth, Uingereza. Baba yake alikuwa karani wa jeshi la majini. Mushahara ulikuwa, lakini madeni yaliupita. Mwaka 1824 wakamufunga juu ya hayo madeni mu boloko ya Marshalsea, London. Mama na watoto wadogo wakamufuata huko ndani. Charles, miaka 12 tu, akabaki inje, juu siku chache mbele ya hapo walikwisha kumutuma kutumika.

Ile lizini ilitengeneza siraji ya viatu, pembeni ya muto Thames, mu nyumba ya zamani yenye kujaa panya. Saa kumi kwa siku mutoto alifunika vyombo vya siraji na karatasi, anafunga kamba, anabandika jina la lizini. Kwa juma walimulipa shilingi sita ao saba. Dada yake Fanny yeye alikuwa anasoma shule ya muziki. Siku Fanny alipopewa zawadi, Charles alilia. Kisha baba akatoka boloko, akakosana na mwenye kazi, akamurudisha mutoto shuleni. Mama alitaka arudie lizini. Hilo neno la mama halikumutoka moyoni mpaka kufa.

Sisi watu wa sendika tunajua kidonda cha namna hiyo. Mutu anaweza kupata jina na franga, lakini haya ya utoto inabaki. Dickens hakuelezea watoto wake. Alimwambia rafiki yake John Forster, na sehemu ya mateso yake akamupa mutoto mwingine mu riwaya David Copperfield (1849-1850).

Mwaka 1842 bunge la Uingereza lilikataza wanawake, wasichana, na wavulana wenye hawajatimiza miaka 10, kutumika chini ya udongo mu migodi. Mwaka uliofuata, Dickens akasoma ripoti ya serikali juu ya kazi ya watoto. Alifikiri kuandika karatasi ya kupinga. Njo akabadili wazo: hadithi itapiga kwa nguvu zaidi. Ikatoka A Christmas Carol, Desemba 1843. Mukubwa mumoja muchoyo, Scrooge, anarudishwa usiku mu maisha yake mwenyewe. Anajiona mutoto aliyeachwa peke yake shuleni. Anamuona mwanamuke aliyemupoteza juu ya franga. Anajuta angali hai, na asubuhi anaongeza mushahara wa karani wake.

Hiyo hadithi Dickens alianza kuisoma mbele ya watu wote kule Birmingham, tarehe 27 Desemba 1853, bila kulipwa, kwa kusaidia shule ya watu wazima. Aliomba usiku mumoja uwe wa watumikaji, na bei iwe ndogo. Tarehe 30 wakaja zaidi ya 2000. Wakati ule Waingereza wengi hawakujua kusoma, hadithi iliwaingia kwa masikio. Yeye alibadilisha sauti kwa kila mutu wa hadithi, akicheka na kulia pamoja nao.

Kuanzia 1858 alisoma kwa malipo. Alizunguka Uingereza, Scotland na Ireland, tena Marekani toka Desemba 1867 mpaka Aprili 1868. Watu walipanga mustari kungojea tiketi. Lakini muguu ulivimba, nguvu zikaisha, munganga akamusimamisha mwaka 1869. Hata hivyo akarudi London kuaga watu. Tarehe 15 Machi 1870 alisoma mara ya mwisho, na kitabu alichochagua kilikuwa tena kile cha Scrooge. Akafa tarehe 9 Juni, miaka 58.

Nyuma ya kufa kwake, Forster akatoa kitabu cha maisha yake. Hapo njo Uingereza yote ilijua habari ya lizini. Wale waliokaa mu viti miaka yote ile walikuwa wamesikiliza mutoto wa siraji bila kujua.

Hapa kwetu, mutoto anayebeba mifuko ya mawe ya mugodi leo, naye ana yake ya kueleza. Tusingoje afe njo tumusikilize.