Maisha ya Blasio Kigozi

Blasio Kigozi alikuwa Mganda, ndugu mdogo wa Simeoni Nsibambi. Mwaka 1929 alikwenda Gahini katika nchi ya Rwanda, kufundisha shule ya misioni ya Waanglikana. Alifanya kazi kwa bidii, na mwaka 1934 akawekwa kuwa shemasi. Walakini moyoni aliona ukavu. Mwaka 1935 alijitenga siku kadhaa kusali. Alipotoka alianza kuwaonya waliokwisha batizwa, wala si wapagani tu. Wengi wakachukizwa, na si ajabu: nani apendaye kuulizwa kama angali hai?

Maana neno lililomsumbua ni hili: mtu aliyeokoka, akirudia dhambi waziwazi bila kutubu, naye angali akiikaribia Meza ya Bwana, je, amesimama au ameanguka? Sisi Walutheri tumekwisha jibiwa katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 12. Hukataa mafundisho ya kwamba aliyehesabiwa haki hawezi kumpoteza Roho Mtakatifu; hukataa vilevile ukali wa kumfungia mlango aliyeanguka, akitubu.

Blasio aliandika mambo hayo ayapeleke kwenye sinodi ya Uganda. Kabla haijakutana akashikwa na homa ya kupe, akafa mwezi wa Januari 1936, angali kijana. Mwaka 1937 Kanisa la Uganda lilifanya mahubiri makuu kwa neno lake, Zukuka, yaani Amka. Baadaye uamsho huo ukawafikia hata Walutheri wa Buhaya.