Mtakatifu Yeronimo, Chakula Kitamu na Vitabu Vizuri

Kila tarehe 30 Septemba Mama Kanisa hufanya kumbukumbu ya Mtakatifu Yeronimo, Padre na Mwalimu wa Kanisa. Wengi wetu tunamfahamu kama mfasiri wa Biblia kwa Kilatini, tafsiri iitwayo Vulgata. Katika picha tunamwona mzee aliyekonda, ameinamia kitabu, na simba amelala karibu naye. Lakini uko upande wa maisha yake ambao hatuuzungumzi mara nyingi, nao unatuhusu sisi tulio katika malezi: Yeronimo alipenda kula vizuri, na alipenda kusoma kwa raha tu ya kusoma. Mapenzi hayo mawili yalimsumbua kwa miaka mingi.

Alizaliwa Stridon, mji mdogo mpakani mwa Dalmatia na Pannonia, katikati ya karne ya 4, katika familia ya Kikristo yenye uwezo. Alipokuwa kijana alipelekwa Roma kusoma kwa Donatus, mwalimu mashuhuri wa sarufi. Huko alionja utamu wa Kilatini katika hotuba za Cicero, mashairi ya Virgil na michezo ya kuchekesha ya Plautus. Nyakati zile kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, kwa hiyo kuwa navyo vingi kulihitaji fedha na jasho. Yeronimo alijikusanyia maktaba yake kidogo kidogo.

Alipoamua kuishi kimonaki na kwenda Mashariki, aliacha nyumba, wazazi, dada na jamaa. Baadaye alikiri kwamba kuacha mazoea ya chakula kizuri kulimwia vigumu kuliko kuachana nao. Na maktaba hakuiacha, bali alisafiri nayo. Hapo ndipo maisha yake yalipogawanyika. Alifunga chakula, kisha akamsoma Cicero. Alikesha usiku akilia machozi ya toba, kisha akamchukua Plautus. Alipowarudia manabii, lugha yao ilimkera, akaiona haina ufundi.

Katikati ya Kwaresima moja alishikwa na homa kali, hata waliokuwa naye wakaanza kuandaa mazishi. Katika hali hiyo alijiona amefikishwa mbele ya Hakimu. Alipoulizwa yeye ni nani, alijibu kuwa ni Mkristo. Akaambiwa kwamba anadanganya, kwa sababu yeye ni mfuasi wa Cicero, na akachapwa viboko. Akaapa hatashika tena vitabu vya kidunia.

Tukiishia hapo, tutadhani Mungu huchukizwa na kila mwanafunzi anayefungua riwaya baada ya masomo. Lakini Yeronimo aliishi zaidi ya miaka 40 baada ya ndoto ile, na miaka hiyo ina mengi ya kutufundisha.

Kwanza alikwenda jangwa la Chalcis, huko Siria, kwa toba na mifungo. Ili kutuliza mawazo yaliyomsumbua, alianza kujifunza Kiebrania kwa Myahudi mmoja aliyeongokea Ukristo. Sauti za lugha ile zilimshinda. Alikata tamaa mara nyingi, akaacha, akaanza upya. Alipokuwa mzee alimshukuru Mungu kwa utamu aliouvuna katika kazi iliyoanza kwa uchungu. Maandiko aliyoyadharau ujanani yalikuwa yamegeuka kuwa furaha yake.

Mwaka 382 alirudi Roma, akawa katibu wa Papa Damaso. Aliwafundisha Maandiko Matakatifu wanawake wa koo kubwa, miongoni mwao mjane Paula na binti yake Eustokio. Katika sikukuu ya Mtakatifu Petro, Eustokio alimpelekea zawadi za njiwa, bangili na kikapu cha cheri, yale matunda madogo mekundu. Yeronimo hakurudisha kikapu. Aliandika kushukuru, akatania kwamba cheri zile zilikuwa freshi kana kwamba Lucullus, jemadari wa zamani aliyesifika kwa kuzileta Roma, amezileta siku ileile. Kisha akamkumbusha binti huyo kwamba sikukuu ya mtakatifu haiadhimishwi kwa kujaza tumbo.

Baada ya Damaso kufariki, Yeronimo aliondoka Roma, na mwaka 386 akakaa Betlehemu, ambako Paula alijenga monasteri kwa mali yake. Huko ndiko alikofanya sehemu kubwa ya kazi ya tafsiri. Mwaka 393 aliandika vikali dhidi ya Jovinian, aliyefundisha kwamba kufunga hakuna thamani kuliko kula kwa shukrani. Hata katika kutetea mfungo alitaja vyakula vya mataifa mbalimbali, pamoja na nzige wanaoliwa Mashariki na Libya, akionyesha kwamba kila watu hupenda walichozoea.

Vitabu vya zamani navyo vilimrudia. Rufino, aliyekuwa rafiki yake tangu ujana, aligombana naye juu ya mafundisho ya Orijene. Katika ugomvi huo alimshtaki pia kwa kuvunja kiapo: kwamba aliwalipa wamonaki wamnakilie vitabu vya Cicero, na kwamba aliwafundisha watoto Virgil ndani ya monasteri. Yeronimo alijitetea kwamba ndoto ni ndoto, na kwamba mtu hawezi kufuta kichwani alichokisoma utotoni. Alijibu kwa ukali mno, na urafiki ule haukurudi tena. Hatuwezi kumsifu kwa hilo.

Tunamwona vizuri zaidi anapoandika juu ya watoto. Laeta, mkwe wa Paula, alitaka ushauri wa kumlea bintiye mchanga. Yeronimo alisema mtoto achongewe herufi za mbao au pembe za ndovu, acheze nazo, na mchezo huo uwe somo. Chakula chake kiwe cha kawaida, na kisimlemee, ili akitoka mezani aweze kusoma na kusali mara moja. Miaka kadhaa baadaye, Roma ikiwa imetekwa na Wagothi mwaka 410 na wakimbizi wakifika hadi Betlehemu, aliandika tena juu ya mtoto mwingine wa kike. Safari hii alishauri apewe vikeki vya asali, maua na wanasesere ili apende kujifunza.

Mtu aliyeota akichapwa kwa sababu ya Cicero alikuwa sasa anampa mtoto kitu kitamu ili akipende kitabu. Hakuacha kufunga, wala hakusema kwamba kila kitabu kinafaa. Lakini alijua kwamba moyo usioonja utamu wowote katika kusoma hautadumu na kitabu, hata kikiwa Kitabu Kitakatifu.

Basi, siku ya sikukuu tukiandaliwa pilau, tuile kwa shukrani na tumsifu aliyeipika. Jioni ya mapumziko tukifungua riwaya ya Shaaban Robert, tuisome kwa sababu inatufurahisha, bila kutafuta swali la mtihani ndani yake. Kengele ya sala ikilia, tuweke alama kwenye ukurasa, twende kanisani.

Mtakatifu Yeronimo alifariki Betlehemu mwaka 420 hivi. Utuombee.