GRACE DARLING: BINTI WA MNARA WA TAA

Mpenzi msomaji, mashujaa wengi tunaofundishwa darasani ni watu walioshika mkuki, bunduki au madaraka. Katika ukurasa huu wa chama chetu nataka niwasimulie habari za binti mmoja ambaye silaha yake ilikuwa kasia tu. Binti huyo aliitwa Grace Horsley Darling. Hakuwa malkia wala mtoto wa tajiri. Hata hivyo, alipofika umri wa miaka 22 nchi nzima ya Uingereza ilikuwa inalitaja jina lake, kuanzia jumba la Malkia hadi vibanda vya wavuvi.

Grace alizaliwa tarehe 24 Novemba 1815 katika kijiji cha Bamburgh, jimbo la Northumberland, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Alikuwa mtoto wa saba katika familia ya watoto tisa. Baba yake, William Darling, alikuwa mlinzi wa mnara wa taa, na mama yake aliitwa Thomasin. Grace akiwa bado mchanga wa wiki chache tu alipelekwa baharini kuishi na wazazi wake katika kisiwa kiitwacho Brownsman, kimojawapo cha visiwa vya Farne. Huko ndiko baba yake alikokuwa akifanya kazi.

Labda msomaji utajiuliza, mnara wa taa ni kitu gani hasa hata familia nzima ikae baharini kwa ajili yake? Basi elewa kwamba zama hizo meli hazikuwa na redio wala mitambo ya kumwonyesha nahodha mahali alipo. Usiku ukiingia, nahodha alitegemea dira, ramani, macho yake na taa zilizowashwa juu ya minara ya pwani. Visiwa vya Farne vina miamba mingi, na mingine hufunikwa maji yakijaa na kuonekana yakitoka. Meli ikipita hapo gizani ni kama mtu kutembea kwenye chumba kilichojaa visu. Mlinzi wa taa akilala, watu wanakufa. Kwa hiyo kazi ile ilikuwa ya kukesha, usiku baada ya usiku, kiangazi na masika.

Katika miaka ile ya mwanzo wa karne ya kumi na tisa, bahari ya Uingereza ilikuwa inameza meli na watu kila majira ya baridi. Biashara ilikuwa imepanuka, meli zilikuwa nyingi, na nyingi kati yake zilikuwa kuukuu. Hali ilizidi kuwa mbaya hata mwaka 1824 kikaundwa mjini London chama cha taifa cha kuokoa watu wanaovunjikiwa na meli. Mtu aliyepigania jambo hilo ni Sir William Hillary. Chama hicho ndicho kilichogawa mashua za uokoaji katika bandari mbalimbali, na hadi leo kingalipo kwa jina la RNLI.

Turudi kwa Grace. Mwaka 1826, alipokuwa na umri wa miaka kumi, familia yao ilihamia mnara mpya uliojengwa kwenye mwamba wa Longstone, mbali zaidi kuelekea bahari kuu. Taa ya Brownsman haikuwa mahali pazuri, na meli zilikuwa zinaendelea kugonga miamba. Kule Brownsman angalau palikuwa na udongo wa kulima mboga na nyasi za mifugo. Lakini Longstone ni mwamba mtupu! Hakuna mti, hakuna jirani, hakuna shule. Mawimbi yakichafuka, familia ilikuwa inapanda vyumba vya juu ya mnara na kungoja.

Shule ya Grace ilikuwa nyumbani. Baba yake ndiye aliyekuwa mwalimu, naye aliwafundisha wanawe kusoma, kuandika na hesabu. Mama yake alimfundisha kushona, kusokota nyuzi na kuendesha nyumba. Kaka na dada zake walipokua waliondoka mmoja mmoja kwenda kutafuta maisha bara. Grace akabaki. Alipika, akafua, akasafisha taa, na zamu ya kukesha ilipomfikia alikesha. Pia alijua kupiga makasia, maana kwao mashua ilikuwa kama njia ya kwenda dukani. Sisi wanafunzi wa kutwa tunaotoka shuleni na kukuta kazi za nyumbani zinatungoja tunaweza kumwelewa dada huyu. Kazi zile ambazo wengine huziona duni ndizo zilizomwandaa kwa siku moja ambayo hakuitarajia.

Jioni ya tarehe 5 Septemba 1838, meli iitwayo Forfarshire iling'oa nanga katika bandari ya Hull kuelekea Dundee, Scotland. Ilikuwa meli ya mvuke, yenye magurudumu makubwa ubavuni ya kusukuma maji, na ilikuwa bado mpya, haijapita miaka michache tangu iundwe. Ndani yake mlikuwa na takriban watu 60, abiria na mabaharia pamoja. Nahodha wake aliitwa John Humble, naye alikuwa amefuatana na mkewe.

Kumbe meli ilikuwa na ugonjwa tumboni. Boila, yaani lile pipa kubwa la chuma linalochemsha maji ili kupata mvuke, lilikuwa linavuja. Lilikuwa limetengenezwa kabla ya safari, lakini safarini likaanza kuvuja tena. Nahodha hakurudi nyuma. Aliendelea kuelekea kaskazini na hali ya hewa ikazidi kuharibika. Usiku wa tarehe 6, karibu na pwani ya Scotland, injini zikazimika kabisa. Mabaharia wakatweka matanga, lakini upepo mkali wa kaskazini ukaichukua meli na kuirudisha kusini kama kikapu juu ya mto. Nahodha akawa anatafuta mahali pa kujificha kati ya visiwa vya Farne na bara. Inaaminika kwamba katika giza lile alichanganya taa moja na nyingine.

Mnamo saa 10 alfajiri ya Ijumaa, tarehe 7 Septemba, Forfarshire iligonga mwamba uitwao Big Harcar. Haikuchukua muda, ikakatika vipande viwili. Sehemu ya nyuma, ambamo abiria wengi walikuwa wamelala, ilizolewa na maji. Nahodha na mkewe wakaangamia. Watu tisa, karibu wote wakiwa mabaharia, waliwahi kuruka ndani ya mashua ndogo ya meli na kukokotwa na maji hadi walipookolewa na chombo kingine. Wengine wachache walibaki waking'ang'ania sehemu ya mbele iliyokwama, kisha wakajikokota hadi juu ya mwamba. Miongoni mwao alikuwa mama mmoja, Sarah Dawson, pamoja na watoto wake wawili. Baridi ilikuwa kali mno na mawimbi yalikuwa yanawapiga. Watoto wale wawili walikata roho mikononi mwa mama yao. Jamani, hakuna maneno ya kueleza uchungu wa aina hiyo.

Grace alikuwa macho. Yapata saa 11 kasorobo, akitazama kupitia dirisha la mnara, aliona kitu cheusi juu ya mwamba wa Big Harcar. Akamwamsha baba yake. Waliangalia kwa darubini lakini giza na manyunyu ya maji viliwazuia kuona kama kuna mtu hai. Hadi saa 1 asubuhi, kulipopambazuka vizuri, ndipo walipoona watu wakisogea juu ya jiwe.

Hapo ndipo palipokuwa na mtihani. Nyumbani walikuwa watatu tu: baba, mama na Grace. Mdogo wake William Brooks alikuwa amekwenda bara kuvua samaki. Mashua yao ilikuwa na urefu wa futi 21 na ilihitaji wapiga makasia zaidi ya wawili kwenye bahari ya namna ile. Zaidi ya hayo, ilikuwa dhahiri kwamba watu wawili wasingeweza kurudi na mzigo wa watu bila ya msaada wa baadhi ya hao watakaookolewa. Yaani kama wale wa mwambani wangekuwa wamechoka kabisa, akina Darling pia wangekwama huko na pengine kufa. Hata hivyo hawakukaa kitako. Mama akasaidia kuisukuma mashua majini, kisha akabaki peke yake mnarani akimtazama mume na binti yake wakiondoka.

Hawakwenda moja kwa moja. Mzee William alizijua njia za maji zile kama kiganja cha mkono wake, kwa hiyo walizunguka kwa nyuma ya visiwa ili miamba iwakinge upepo. Safari ikawa karibu maili moja. Walipofika, mzee aliruka mwambani kuwapanga watu, kwa sababu wote wangekimbilia mashua kwa pamoja ingepinduka. Grace akabaki peke yake ndani ya mashua. Alishika makasia, akaenda mbele, akarudi nyuma, akiizuia isisagwe kwenye jiwe. Kwa maoni yangu hapa ndipo ushujaa wake ulipokuwa. Kupiga makasia pamoja na baba ni jambo moja; kuwa peke yako, ukijua kwamba ukikosea mara moja tu, baba yako na watu wote wale wamekwisha, ni jambo jingine kabisa.

Watu tisa walikutwa hai: wanaume wanane na mama Dawson. Safari ya kwanza walichukuliwa watano, pamoja na mama huyo. Maiti za wanawe zikaachwa mwambani kwa kuwa walio hai ndio waliotangulizwa. Walipofika mnarani Grace alibaki kumhudumia mama Dawson na majeruhi. Mzee William na mabaharia wawili kati ya waliookolewa wakarudi kuwachukua wanne waliosalia. Katika watu wote waliokuwa melini, zaidi ya 40 walipotea.

Wakati huohuo wanaume saba wa Seahouses, akiwemo William Brooks, walikuwa wamepiga makasia kutoka bara hadi mwamba ule. Walikuta maiti tu. Bahari ikawa mbaya kiasi kwamba hawakuweza kurudi kwao, ikawabidi waende Longstone. Basi mnara ule mdogo ukajaa watu, na Grace na mama yake wakawalisha kwa kile kilichokuwepo mpaka bahari ilipotulia.

Habari zilipofika magazetini, nchi ikasimama. Grace na baba yake walipewa nishani za fedha na kile chama cha uokoaji, na Grace akawa mwanamke wa kwanza kuipata nishani hiyo. Malkia Victoria, ambaye alikuwa na miaka 19 tu, alimpelekea pauni 50. Michango ikamiminika hadi ikapita pauni 700, na Mkuu wa Northumberland akajitolea kumsimamia fedha hizo. Wachoraji zaidi ya kumi walipanda mashua kwenda kumchora. Watu walimwandikia wakiomba ati awakatie kipande cha nywele zake! Wengine walimposa bila kumwona. Wenye sarakasi na maigizo walitaka akajionyeshe kwa malipo, naye hakwenda.

Je, sifa hizo zilimletea raha? Mimi sioni. Msichana aliyezoea upweke wa bahari alijikuta akikaa kwenye kiti kuchorwa na kujibu barua za watu asiowajua. Wavuvi wengine wa pwani walinung'unika, wakisema wanaume saba wa Seahouses nao walihatarisha maisha yao lakini hakuna aliyewaimba. Manung'uniko hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini kosa halikuwa la Grace. Hakuomba sifa, na hakuacha kazi zake za mnarani.

Mwaka 1842 aliugua. Ulikuwa ugonjwa wa kifua kikuu, ambao siku hizo haukuwa na dawa. Alihamishwa hapa na pale kutafuta hewa nzuri, na mke wa Mkuu wa Northumberland akamtuma daktari wake, lakini siku za mwizi ni arobaini na za mgonjwa wa kifua kikuu zama zile zilihesabika vilevile. Alifariki huko Bamburgh tarehe 20 Oktoba 1842 akiwa na miaka 26. Alizikwa katika kijiji kilekile alichozaliwa, na kwenye uwanja wa kanisa lake wakamjengea kumbukumbu yenye sanamu yake akiwa amelala, kasia ubavuni. Mwaka 1938, miaka mia moja baada ya ajali, ilifunguliwa nyumba ya makumbusho kijijini hapo, na mashua yenyewe imehifadhiwa humo.

Wenzangu, tujifunze nini? Kwanza, meli ile iliuawa na uvujaji uliojulikana mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa chombo cha abiria ukuta wenyewe hujengwa kwa roho za watu. Pili, tunapomsifu Grace tusimsahau mama Thomasin aliyewaacha waende, wala wale saba waliofika wamechelewa. Tatu, na hili nawaambia hasa wasichana wenzangu na hata wavulana, hakuna aliyempa Grace hotuba ya ushujaa asubuhi ile. Aliona watu wanakufa, alijua kupiga makasia, akaenda. Maji ukiyavulia nguo, huna budi kuyaoga.