Daktari wa jicho moja na uvimbe wa taya

Ukishuka kutoka Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay, unaacha nyuma baridi na mashamba ya kahawa ya Wamatengo, unafika kwenye joto la ufukwe wa Ziwa Nyasa ambako mbu hawana msimu. Mteremko wa namna hiyo, msomaji, ndio uliomfumbua macho daktari mmoja kuhusu saratani ya watoto. Au niseme jicho, maana alikuwa nalo moja tu.

Denis Burkitt alizaliwa Enniskillen, Ireland, mwaka 1911. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho. Alianza kusomea uhandisi Dublin, akahamia udaktari. Alipoomba kazi ya serikali ya kikoloni Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo. Vita Kuu ya Pili ilimleta Kenya akiwa daktari wa jeshi, na mwaka 1946 akaajiriwa Uganda, kwanza Lira, kisha Mulago.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto wa miaka mitano. Taya lilikuwa limevimba pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Jipu la jino halifanyi hivyo. Wiki chache baadaye, akiwa Jinja, alitazama dirishani akamwona mtoto mwingine mwenye uso kama ule. Alipompima, alikuta na uvimbe tumboni.

Hapo ndipo alipoanza kuhesabu. Alifukua mafaili ya Mulago, akasambaza picha na maswali kwenye hospitali nyingi za Afrika, akabandika ramani ukutani. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu, wakasafiri kwa wiki kumi, kama kilomita 16,000, kupitia Tanganyika na Nyasaland hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali hadi hospitali: mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Swali la bei nafuu kabisa.

Majibu yalionyesha kwamba ugonjwa unapenda mabonde na kandokando ya maziwa, na unatoweka milimani. Karibu na Ikweta mpaka wake ulikuwa mita 1,500 hivi, lakini kadiri alivyokwenda kusini mpaka ulishuka. Kumbe si urefu wa mlima, ni joto na mvua, yaani mazingira ya mbu. Leo tunajua kwamba virusi vilivyogunduliwa London mwaka 1964 kwenye vipande vya uvimbe alivyotuma vinahusika, na malaria ya mara kwa mara huvipa nafasi. Chandarua cha Liuli au Lituhi kina kazi zaidi ya unavyodhani.

Na tiba? Mulago haikuwa na mashine ya mionzi, na kisu peke yake hakikutosha. Burkitt akajaribu dawa za saratani, kwa kiasi kidogo alichoweza kupata. Baadhi ya watoto walipona kabisa, jambo ambalo wakati huo wengi Ulaya hawakulitegemea.

Dawa hizo hutapisha, na hapa wasomaji huuliza kuhusu sindano za Kichina. Zimepimwa kwa njia hiyo hiyo ya kuuliza na kuhesabu. Zikichomwa na mtaalamu sehemu fulani ya kifundo cha mkono zinaweza kupunguza kichefuchefu cha dawa, na zimechunguzwa pia kwa wanaokaukiwa mate baada ya mionzi ya shingo. Haziondoi uvimbe. Anayekuambia uache dawa au mionzi kwa ajili yake, mkimbie.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, akajulikana zaidi kwa kuhimiza vyakula vyenye nyuzinyuzi, akafariki mwaka 1993. Uvimbe unabeba jina lake.

Uvimbe huo huongezeka maradufu kwa siku chache. Kwa hiyo mtoto akivimba taya, meno yakalegea kabla ya wakati wake, jicho likasukumwa nje au tumbo likajaa haraka, usiridhike na kung'olewa jino wala kuchanjwa chale. Mpeleke hospitali wiki hiyo hiyo, uombe kipande cha uvimbe kipimwe. Rufaa ya Dar es Salaam ni safari ndefu kutoka Nyasa, basi ulizia mapema kuhusu nauli na mahali pa kulala. Na umtajie daktari siku uliyoona jino la kwanza likilegea.